Bogenvilia ya Mzee Mwinchande

Hii nimeletewa na shemeji, naye kaletewa na mtu ambaye hataki kumtaja. Ukimaliza kuisoma mpelekee jirani yako, kama bado mnasalimiana.

Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, Mwinchande, mwenye binti mmoja aitwaye Saumu na bogenvilia moja. Kati ya hao wawili, majirani hawakuwa na hakika ni yupi aliyempenda zaidi.

Mmea ule mtambaazi aliupanda kwenye lango la mbele kwa sababu mtaa wao haukuwa na namba za nyumba. Mtu alielekezwa kwa alama: geti la bluu, kwa fundi cherehani, penye kisima kibovu. Mzee alitaka siku moja watu waseme, "Nenda mpaka kwenye maua."

Akaumwagilia, akaulisha samadi, nao ukanenepa. Kiangazi kilikuja kikapita, majani mabichi vilevile. Ukapanda ukuta, ukafunika lango, ukashika bati. Mzee akapiga marufuku mtu yeyote kuukata. "Mmea ukikatwa unasononeka," alisema, na hakuna aliyejua hayo kayasikia wapi. Familia ikaanza kutumia mlango wa uani ili machipukizi yasivunjike, na mbele ya lango mzee hakupita tena.

Shida ni kwamba mmea haujui mpaka wa kiwanja. Ukavuka ukuta ukaingia kwa jirani, Bi Mwanaidi, mjane muuza vitumbua. Miiba ikazichana khanga zake kambani. Tawi moja likaingia dirishani mwa jikoni kama lililoalikwa.

Bi Mwanaidi akaenda kwa adabu. "Mzee Mwinchande, naomba nipunguze matawi kidogo upande wangu."

"Hata jani moja," akajibu mzee. "Wenzako wananunua maua, wewe umeletewa bure. Shukuru."

Bi Mwanaidi akarudi kwenye vitumbua vyake.

Basi heri ikabisha. Familia moja ya ng'ambo ya mji ilimpenda Saumu, ikatuma habari kwamba washenga watakuja Jumapili kuleta posa. Walipouliza njia, mzee alikaribia kulia kwa furaha. "Waambieni watafute lango lenye maua. Hakuna jingine."

Jumapili akavaa kanzu nyeupe, akaketi ndani ya lango kusubiri hodi. Mbuzi alikuwa ameiva. Saa zikaenda, hodi haikuja, mchuzi ukaanza kuganda.

Washenga walikuwa wamefika zamani. Walipita mbele ya lango lake wakaona kichaka tu, majani matupu bila ua hata moja. Mbele kidogo wakaona lango lililojaa maua ya zambarau kutoka juu hadi chini, wakapiga hodi kwa Bi Mwanaidi. Naye, kwa kuwa mgeni haulizwi shida yake kabla hajatia kitu mdomoni, akawakaribisha barazani, akawapa chai na vitumbua. Wakala. Wakaongezwa.

Waliposhiba, mkubwa wao, Mzee Shomvi, akajifuta mdomo. "Mama, nyumba yako tumeipenda. Tumekuja kwa ajili ya binti yako, Saumu."

"Saumu si wangu," akasema Bi Mwanaidi. "Ni wa jirani."

Nyuma ya ukuta Mzee Mwinchande alisikia jina la mwanawe. Akalirukia lango. Lango halikufunguka, bogenvilia ilikuwa imelifunga kwa mashina manene kama mkono wa mtoto. Kutokea uani ni kuzunguka mtaa mzima, na posa ilikuwa ikimponyoka. Akachukua panga, akajikatia tundu la kupita.

Washenga wakasikia vishindo barabarani, kisha wakamwona mzee anaingia langoni kwa Bi Mwanaidi, kanzu imechanika, tawi limenasa kwenye kofia, panga mkononi. Wawili wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Kaeni," akasema Bi Mwanaidi. "Huyo ndiye baba wa binti."

Mzee Shomvi hakukaa. "Mama, kwetu haposwi binti kabla jirani hajaulizwa. Bahati nzuri tumeanzia kwa jirani. Hebu tueleze, hawa ni watu gani?"

Mzee Mwinchande akaliteremsha panga. Aliogopa kweli. Heri ya mwanawe ilikuwa kinywani mwa mwanamke yule, naye aliyakumbuka maneno yote aliyomwambia, hasa lile la "shukuru".

Bi Mwanaidi akamtazama, akazitazama khanga zake zenye matundu, wala hakuwa na haraka.

"Baba mtu ni mkaidi," akasema hatimaye. "Lakini Saumu mwoeni upesi, kabla hajapata mwingine. Kila Ijumaa baba akienda msikitini, huyu binti huja kwa mlango wa uani kunikatia matawi. Na kadiri anavyoyakata ndivyo yanavyotoa maua. Haya mliyoyafuata nyinyi, mnadhani yametoka wapi?"

Mzee Mwinchande akatoka nje kutazama. Upande wake, alikokataza kisu, majani matupu. Upande wa jirani, maua hadi chini. Na nyuma yake Saumu alikuwa amesimama, kazunguka mtaa mzima mbio, anahema.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, Baba. Niwie radhi." Akasita kidogo. "Na mkasi wako wa ndevu umeharibika."

Mzee akacheka mpaka tawi likadondoka kutoka kwenye kofia. Posa ikapokelewa palepale barazani kwa Bi Mwanaidi, mbuzi akapitishwa katika tundu la lango, na washenga, japo walishashiba, walijua wajibu wao.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanaidi alisikia hodi. Alikuwa Mzee Mwinchande, panga mkononi.

"Jirani," akasema, "nianzie wapi?"

Funzo: Siku ya heri yako ataulizwa jirani, mpunguzie matawi kabla siku hiyo haijafika.