Kilemba cha Mwenye Kituo

Tungaraza hukuambia ubishe ukitaka, lakini kile kipindi cha kejeli kinachotukesheza kwenye runinga alikianzisha yeye, yeye huyu aliyeacha shule darasa la sita.

Mwenye kituo, Bwana Mashimba, alimpa sharti moja. "Watanie wote. Ukinigusa mimi, unarudi kufagia studio."

"Nikuguse wewe, bosi, nina wazimu? Kila kichekesho utakipitisha mwenyewe."

Siku ya kikao cha kupitisha vichekesho, mbele ya wafanyakazi wote, Tungaraza akasoma: "Kuna tajiri anapaka piko kuficha mvi, halafu usiku anajifunga kilemba cha mkewe ili mto usichafuke."

Watu wakaangua kicheko. Mashimba, nywele nyeusi kama lami, akaanza kutokwa jasho. "Huyo ni nani?"

"Sijamtaja, bosi. Kama ni wewe, kifute sasa hivi. Kama si wewe, tia sahihi."

Kicheko kikakatika, macho yote yakatua kwenye kalamu. Mashimba akatia sahihi, kisha akacheka kuwashinda wote.

Hapo Tungaraza hujipiga kifua kwamba ni akili yake tupu. Ukimbana sana ndipo hukiri kipande anachokiruka: huandikiwa vichekesho na mke wa Mashimba, aliyechoka kufua vilemba.