Bakuli la Kaburini

Bwana Hadlo, Mwingereza mchimbua magofu aliyevaa tai hata kwenye jua la adhuhuri, alifika na askari na mtaimbo. Akalinyooshea fimbo bakuli la Kichina lililojengewa kwenye nguzo ya kaburi kando ya nyumba.

"Hilo la kale nalichukua."

Mwana Shali, mjukuu wa marehemu, aliitazama bunduki ya askari, kisha akacheka.

"Alhamdulillahi! Chukua, Bwana. Nilidhani unataka lile la uani."

Akajiziba mdomo.

"Lipi la uani?"

"Hakuna kitu, Bwana."

Bwana Hadlo alikimbilia uani, akakuta kuku wanadonoa pumba katika bakuli la maua ya buluu.

"Kumbe mmelificha kwenye mavi ya kuku!"

"Hilo usiguse! Hilo lina baraka za ukoo mzima!"

Mwana Shali alilikumbatia, akalia mpaka majirani wakaja kumpa pole. Bwana Hadlo alimpokonya, akalifunga kwa tai yake ya hariri, akapanda punda akaondoka bila hata kugeuka kulitazama lile la kaburini.

Vumbi lilipotulia, Mwana Shali alijifuta machozi.

"Shoga," alimwambia jirani, "ukipita dukani kwa Jivraji niletee bakuli jingine kama lile la juzi. Kuku wangu hawana pa kulia."