Jiwe Lisilo na Jina la Kisima cha Kwemtindi

Kulikuwa na wakati ambapo mji mdogo wa Kwemtindi haukuwa na jiwe hata moja la kumbukumbu, na hakuna aliyeona kasoro. Kisima kilikuwa pale chini ya mteremko, watu wakichota. Aliyetaka kujua habari zake aliambiwa na yeyote aliyemkuta pale, naye akasikia hivi leo na vile kesho, akaenda zake akiwa ameburudika. Kila masika yalipokwisha, ukoo wa Mndolwa wa huko juu na ukoo wa Semboja wa huku chini walishuka pamoja, wakakisafisha.

Kisha Jumbe akasikia kwamba mji wa jirani umesimamisha jiwe lenye maandishi, na wageni husimama kulisoma. Hakulala vizuri tena. Akamwita Shekigenda, fundi wa mawe, akamwagiza achonge jiwe la kisima.

Shekigenda alikuwa mtu wa kuja. Alioa binti wa ukoo wa Mndolwa, na binti yake Zaina akaolewa na Omari wa ukoo wa Semboja, kwa hiyo alikuwa mkwe wa mji mzima. Alichagua jiwe zuri, akalilainisha, akaandika alivyoambiwa na Jumbe: kwamba kisima kilichimbwa na Mndolwa.

Hata vumbi la jiwe halijatua, wazee wa Semboja wakamjia nyumbani. Walisema babu yao ndiye aliyechimba, Mndolwa alimwazima jembe tu. Jumbe, asiyependa kuudhi mtu, akaamuru lirekebishwe. Shekigenda akakwangua, akaandika Semboja. Wa juu wakashuka na fimbo. Akakwangua tena, akaandika majina yote mawili. Hapo ikazuka kesi ya nani awe juu ya mwenziwe. Akayaweka sambamba, nayo ikawa kesi ya nani akae kulia.

Kila alipokwangua, jiwe lilipungua unene na fundi akapungua subira. Juu ya hayo, kila ukoo sasa ulitaka mawe mengine: mahali babu alipolala mara ya kwanza, mahali alipochinja mbuzi, mahali alipopumzika akaamua kuendelea. Shekigenda alimlalamikia mkewe kwamba wakiendelea hivyo watamtaka achonge jiwe pale babu yao alipochomwa na mwiba. Mkewe akamwambia asiseme kwa sauti, wasije wakamsikia.

Masika yakapita, kisima hakikusafishwa. Wa juu walisema wasafishe wale wanaojiita wenyewe. Wa chini walisema hawawezi kusafisha kisima ambacho jina lao limewekwa kushoto. Ukuta wa ndani ukamomonyoka, majani yakaoza, maji yakageuka tope linalonuka. Wanawake wakaanza kwenda mtoni, nyuma ya kilima, huku wanaume wakikaa barazani kujadili jiwe. Shekigenda aliwapita akiwa na tindo mkononi, akawatazama, akaona hata salamu inamchosha.

Mchana mmoja Zaina alishikwa na uchungu. Alijifungua salama mtoto wa kike, na mkunga akaomba maji. Mtungi ulikuwa mkavu. Shekigenda akaanza kueleza kwamba kesi ya kisima iko karibu kwisha, Jumbe ameahidi. Mkewe akatoka mlangoni, mikono ina damu.

"Baba Zaina, nenda ukatafute maji. Habari za jiwe sitaki kuzisikia."

Akaenda. Alibisha hodi kwa wakwe zake wa juu, wakamwonyesha mitungi mitupu kwa aibu. Akashuka kwa wakwe wa bintiye, hali ikawa ileile. Alizunguka mji na kibuyu mkononi, mtu mzima mwenye mvi, mpaka akakutana na bibi mmoja aliyekuwa anarudi mtoni. Bibi yule akamgawia nusu ya mzigo wake bila kuuliza neno. Mtoto akaogeshwa kwa hayo.

Shekigenda alipoona mjukuu amefunikwa na amelala usingizi, alichukua nyundo, tindo na mtaimbo, akateremka kisimani. Habari zikaenea kwamba fundi anarekebisha tena, na koo zote mbili zikaja kumsimamia. Jumbe naye akaja. Wakamkuta anakwangua majina yote. Uso wa jiwe ulipobaki mtupu, akalisukuma kwa mtaimbo, likaanguka chali kwenye ukingo wa kisima.

Jumbe akamuuliza kwa upole anakusudia kuandika nini sasa.

"Mjukuu wangu ana damu yenu nyote," Shekigenda alisema, "na leo nimemzungukia mji huu kama ombaomba. Anayetaka jina lake hapa ashuke akatoe tope. Akimaliza, nitamwandika."

Watu wakatazamana. Wa kwanza kuvua kanzu alikuwa Omari, baba wa mtoto. Shemeji yake wa ukoo wa Mndolwa akamfuata, kisha wengine. Walifanya kazi mpaka jua likapungua makali, wakitoa majani, mawe na mzoga wa mbuzi, wote wamepakwa tope hata huwezi kujua yupi ni wa juu na yupi wa chini. Maji safi yakaanza kuchuruzika.

Hapo mzee mmoja, ambaye muda wote alikuwa ameketi kivulini, akakohoa, akasema ingefaa ikumbukwe kwamba aliyeshuka mwanzo ni wa Semboja. Mwenzake wa Mndolwa akafungua kinywa kumjibu. Shekigenda hakubishana nao. Aliwapa kila mmoja ndoo.

Na tangu siku hiyo, jiwe la Kwemtindi limelala pale kisimani bila neno lolote, ila mifereji iliyochimbwa na kamba za wachotaji. Mgeni akiuliza kisima hiki kilichimbwa na nani, hujibiwa kwa kupewa ndoo. Huchota, akapeleka kwenye nyumba iliyo karibu, akamimina mtungini. Awe mwalimu, awe mkubwa wa serikali, ni hivyohivyo. Akirudi kuuliza tena, hupewa ndoo tena.

Wengine huondoka wamenuna. Maji yapo.