Baraza Lililoogelea Hori

Hapo zamani za Sultani Hijazi, katika mji wa Shangama, alikuwako mtu mmoja jina lake Pandu Kikwi, kazi yake kushona matandiko ya punda. Alikuwa hana mbele wala nyuma, goti lake la kushoto bovu, na tumbo lake lilimtangulia katika kila mlango aliouingia. Watu walimwita mjinga, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuyashika maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia, "Nisubiri kidogo," alikuuliza hicho kidogo mwisho wake wapi.

Na mji ule ulikuwa na mbio zake za kila mwaka, zikiitwa Mbio za Mashaka Matatu. Alfajiri ngoma ikilia, washindani hujitosa katika hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, wakaogelea mpaka ng'ambo. Huko kila mtu humpanda punda wake anayemngoja, akalizunguka hori kwa njia ya daraja mpaka lango la mji. Na langoni hushuka akakimbia kwa miguu kuuvuka uwanja wa ikulu, mpaka penye kamba nyekundu. Aliyeivuka kamba ndiye aliyefika. Sultani alitoa riali mia tatu za zawadi, na mbio zenyewe akaziweka mikononi mwa Baraza la Mbio, wazee kumi na wawili, mkubwa wao Mwinyi Fakihi. Katika wazee hao hapana hata mmoja aliyewahi kukimbia, isipokuwa Mwinyi Fakihi mwenyewe, naye alikimbizwa na nyuki.

Basi likaja suala la kuzigawa zile riali. Baraza likakaa siku tatu, likala mbuzi wanne, likatoka na kanuni: zawadi igawanywe kwa kadiri ya muda ambao mtu yumo ndani ya mbio.

"Sisi," akasema Mwinyi Fakihi, "tumo ndani ya mbio tangu ngoma ya kwanza mpaka afike mshindani wa mwisho. Mshindi yumo saa mbili tu, kisha huyo, anakwenda kupumzika. Nani basi aliyetaabika zaidi?"

Ikawa kadiri mtu anavyokwenda mbio ndivyo anavyopata kidogo. Mshindi mwanamume alipewa riali thelathini, mwanamke kumi na tano, maana, walisema, mwanamke hali chakula kingi. Zilizobaki zote ziliingia mifukoni mwa walioketi. Na ili wasionekane wavivu, wakala yamini kwamba wao, na Sultani pamoja nao, hawatainuka vitini mpaka wa mwisho afike. Sultani akaona hiyo ni bidii ya ajabu, akawasifu.

Sasa Pandu alikuwa na dada yake mjane, na dada huyo alikuwa na binti, jina lake Mwatime, mwepesi kuliko mtu yeyote pale mjini. Mwaka mmoja Mwatime aliivuka kamba kabla ya wanaume thelathini na tisa. Lakini alipopita langoni, mama yake alimwona midomo imekauka, akampa kata moja ya maji. Kumbe Baraza lilikuwa na kanuni nyingine, na haijulikani ilitungwa lini kama si siku ile ile: mtu asimpe mshindani kitu wala asimguse akiwa njiani, na afanyaye hivyo hutwaliwa punda wake. Wakamtwaa punda wa yule mama, punda ambaye ndiye aliyebeba maji yao ya kuuza, na ndiye aliyekuwa chakula chao cha mchana na cha jioni.

Riali kumi na tano hazikumaliza miezi miwili. Mama na mwana wakawa wanachukua mitungi kichwani, asubuhi na jioni, na shingo ya yule mama ikapinda. Pandu alipoiona shingo ya dada yake alilia, wala hakuona haya. Kisha akafunga kilemba chake chenye viraka, akaenda ikulu.

"Bwana wangu, Mungu akuweke," akasema. "Nimekuja kumwombea dada yangu punda wake. Na nimekuja kuuliza, imekuwaje mtu akishinda akatoka na hasara, na wanaomtazama wakatoka na mali?"

Mwinyi Fakihi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Seyyid, habari za mbio huzungumzwa na waliomo ndani ya mbio. Huyu hata mvua ikinyesha haikimbii."

Sultani alipenda mzaha kuliko mashauri. Akacheka, akasema, "Ewe Pandu, mzee kasema kweli. Basi ingia mbioni mwaka huu. Usipokuwa wa mwisho kufika, nitakusikiliza neno lako lote. Lakini ukiwa wa mwisho kufika, siku hiyo hiyo utauhama mji wangu, wewe na dada yako na binti yake, wala nisikuoneni tena."

"Nimesikia na nimetii," akasema Pandu.

Alipofika nyumbani, Mwatime alikuwa amekwisha zisikia habari, maana katika mji ule habari zilikwenda mbio kuliko washindani. "Mjomba," akasema, "umetuhamisha. Goti hilo halikufikishi hata sokoni."

"Kweli."

"Na kuogelea hujui."

"Naelea. Mtu mwenye tumbo hili hazami."

"Sasa utamshinda nani?"

"Mwanangu, sikuambiwa nimshinde mtu. Nipikie mihogo, uifunge kwa majani ya mgomba. Na ule mkeka wa mama yako, niazime."

Mwatime akaenda kumenya mihogo. Usiku kucha mama yake alikuwa akikunja nguo zao chache, akizifunga mzigo wa safari.

Siku ya mbio ikafika. Washindani walikuwa arobaini, na Pandu akawa wa arobaini na moja, na ng'ambo akingojwa na punda wa mteja wake, aliyeletwa kupimwa tandiko. Ngoma ikalia. Wenzake walijitosa horini kwa vishindo, na yeye akaingia taratibu, kifurushi cha mihogo na mkeka vimefungwa juu ya tumbo, akalala chali, akawa anajisukuma kwa viganja. Wenzake walipokuwa wanapanda punda ng'ambo, yeye alikuwa katikati ya hori akitazama mawingu. Wenzake walipokuwa wanaivuka kamba, yeye alikuwa anambembeleza punda apite kwenye daraja.

Saa nne ya asubuhi akaingia langoni, akashuka, akauvuka uwanja akichechemea, na watu wakampigia vigelegele vya dhihaka. Ikabaki hatua kumi aifikie kamba nyekundu. Hapo Pandu akasimama, akautandika mkeka, akaketi, akafungua mihogo yake.

Mwinyi Fakihi akaita kutoka kitini, "Wewe, vuka kamba."

"Nitavuka, mzee wangu. Njia ni ndefu."

"Ni hatua kumi!"

"Kwako wewe uliyeketi," akasema Pandu, akameza tonge la muhogo.

Mwinyi Fakihi akawageukia askari. "Mvuteni."

Askari mmoja, mtu mzima, akasafisha koo. "Mwinyi, kanuni inasema anayemgusa mshindani njiani hutwaliwa punda wake. Mimi punda wangu ni mmoja. Labda umvute wewe, uliye na yule mweupe wa Maskati."

Mwinyi Fakihi akaegemea kiti chake tena, maana yeye alimpenda punda yule kuliko wakeze.

Basi wakakaa, kwa ile yamini yao ya kutoinuka. Jua likapanda, likakipita kivuli cha turubai lililowafunika, likawakalia vichwani. Kahawa waliyoinywa tangu alfajiri ikaanza kudai njia ya kutokea. Adhuhuri wakasali pale pale vitini mwao. Kutoka jikoni kwa Sultani ikaja harufu ya pilau, kwanza ya pilau iliyoiva, kisha ya pilau inayoungua. Pandu alikuwa amejinyosha mkekani, na wa kwanza kuchoka na mzaha akawa yule aliyeupenda, Sultani mwenyewe.

"Ewe Pandu," akaita, "kwa nini hufiki?"

"Bwana wangu, ulisema nikiwa wa mwisho kufika nihame. Wenzangu arobaini wamekwisha fika. Nikiivuka kamba hii sasa, mimi ndiye wa mwisho. Lakini maadamu sijafika, mimi si wa mwisho kufika. Natii amri yako, na nitaitii mpaka nizeeke hapa."

"Na nini kitakachokufikisha?"

"Mtu mmoja tu aliye nyuma yangu, seyyid. Afike baada yangu, nami nitakuwa sikuvunja neno lako."

"Nyuma yako hakuna mtu. Wote wamefika."

Pandu akainuka, akajikung'uta makombo, akawaelekea wale kumi na wawili. "Bwana wangu, mbona wapo kumi na wawili? Wazee hawa wamo ndani ya mbio tangu ngoma ya kwanza. Wamesema wao wenyewe, na kwa neno hilo wakalipwa miaka saba. Mimi tangu saa nne nawatazama, sijamwona hata mmoja akiivuka kamba. Na kanzu zao kavu. Naona hata hori bado."

Mwinyi Fakihi akaipangusa kanzu yake kavu. "Seyyid, sisi tumo ndani ya mbio kwa... kwa namna ya kusimamia."

"Hukusema hivyo ulipochukua fedha," akasema Sultani, na sasa hakuwa anacheka. "Chagueni. Kama hammo ndani ya mbio, rudisheni mlichotwaa miaka saba. Kama mmo, basi ninyi ni washindani, na mshindani hafungwi na kiti; ngoja tuwaone mkifika."

Wazee wakanong'onezana. Mmoja alisema hori lina kaa wakubwa. Mwingine akasema fedha imekwisha jenga nyumba, na nyumba hairudishiki. Basi kwa kauli moja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Baraza lile kukubaliana bila mbuzi, wakachagua kuogelea.

Mungu aliwahurumia, maji yalikuwa yamekupwa. Hivyo walioweza kutembea topeni walitembea, na wasioweza walikokotana kwa vilemba. Pandu kutoka mkekani pake hakuwaona horini, lakini alisikia vicheko vya watu vikihama kutoka ufukoni hadi darajani, akajua walipo. Alasiri wakatokeza langoni, kumi na wawili juu ya punda waliopelekewa ng'ambo, wamepakwa tope mpaka ndevuni, wameshikilia shingo za wanyama kama watoto. Wakashuka. Mwinyi Fakihi alichukua hatua nne, akaketi chini, ulimi umemkauka.

Na pale langoni alikuwa amesimama Mwatime na mtungi wake wa maji ya kuuza.

"Binti yangu," akasema Mwinyi Fakihi, "nipe kata moja."

Watu wakamkazia Mwatime macho. Mtu yeyote mwingine angelipoteza punda, lakini yeye hakuwa na punda wa kupoteza.

"Shikamoo, mzee," akasema Mwatime. "Maji yapo."

"Nipe basi. Nami nitakurudishia punda wenu, naapa."

"Ukinirudishia punda, nitakuwa na punda wa kutwaliwa. Sitaweza tena kukupa maji."

Mwinyi Fakihi akafumba macho. "Sasa wataka nini, mwanangu?"

"Ifute kanuni kwanza. Kisha punda. Kisha maji. Kwa mpango huo, na kwa sauti, wasikie na walio nyuma."

Mwinyi Fakihi akaifuta kanuni kwa sauti iliyokwaruza, akaamuru punda arudishwe, askari wakisikia, ndipo akapewa kata. Akanywa mbili. Na Mwatime, ambaye mwaka mzima alikuwa ameomba auone uso ule umekunjamana, alipouona aliingiwa na huruma asiyoitaka, akampa na ya tatu.

Hapo Pandu akaukunja mkeka wa dada yake, akapiga hatua kumi, akaivuka kamba. Nyuma yake wakaja wazee, mmoja mmoja, wengine kwa magoti. Sultani alijizuia mpaka wa kumi na mbili alipopita, kisha akacheka, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na ile pilau iliyoungua akaamuru iletwe uwanjani, wakimbiaji waanze kula.

"Ewe Pandu," akasema, "hukuwa wa mwisho. Sema, nakusikiliza."

Pandu akasema, "Bwana wangu, riali zote ziende kwa wanaotoka jasho, na mwanamke apewe sawa na mwanamume, maana hori halikumpunguzia Mwatime upana."

"Imekuwa," akasema Sultani. "Na tangu leo mkubwa wa Baraza la Mbio ni wewe."

Basi wakampandisha Pandu kwenye kile kiti cha Mwinyi Fakihi, kilichokuwa na mto wa sufi, mnene, uliofumwa kwa hariri. Akakaa upande kwa haya. Ikaletwa kahawa, akanywa. Ikaletwa halua, akala. Akajisogeza nyuma, goti lake bovu likapata raha ambayo halikuwahi kuipata. Mwatime, aliyekuwa amesimama karibu, akamsikia mjomba wake akishusha pumzi na kusema polepole, "Kwa kweli, kuketi huku nako kuna taabu yake."

Mwatime aliushika ule mto kwa mikono miwili, akauvuta mara moja, Pandu akatua kwenye ubao kwa kishindo. Akatoka nao uwanjani, akaulaza juu ya mgongo wa punda wa mama yake, akaukaza kwa kamba, akampandisha mama yake, aliyekuwa akingoja langoni na mzigo wake wa safari, wakaenda zao nyumbani.

Pandu akabaki juu ya ubao mtupu. Na tangu mwaka ule mbio za Shangama ziliamuliwa upesi mno, maana mkubwa wa Baraza siku zote alikuwa na haraka ya kuinuka.