Mshindi wa Furaha

Hoteli ya Waleed, iliyoitazama Ghuba ya Chole kisiwani Mafia, ilikuwa na vyumba kumi na viwili na wafanyakazi ishirini na wanne, na mambo ya wafanyakazi hao yote yalikaa kichwani mwa mwanamke mmoja. Biubwa, msimamizi wa kazi, hakuwa na kompyuta wala kabati la mafaili. Alijua nani ana mama mgonjwa, nani hajaelewana na mumewe, nani anaomba ruhusa ya kweli na nani anaomba ruhusa ili akalale. Mfanyakazi akipatwa na jambo, ndugu yake alikuja kumshikia nafasi mpaka atakaporejea, na hapakuwa na aliyeona ajabu. Kila asubuhi Biubwa alimpelekea Waleed chai pamoja na habari za watu, na kikombe kilipokwisha, mashauri nayo yalikuwa yamekwisha.

Kisha Waleed akaenda Dar es Salaam kuhudhuria semina. Alirudi akiwa na shehena ya mawazo mapya. Aliamini kwamba mfanyakazi mwenye furaha ndiye amfurahishaye mgeni, na kwamba furaha hiyo haipatikani mpaka shughuli za ajira wakabidhiwe mabingwa. Basi mikataba, likizo, ruhusa, mahudhurio na malalamiko vikapelekwa kwa kampuni moja huko Dar es Salaam. Tusimwonee Waleed, nia yake ilikuwa njema, na mtu mwenye nia njema na fedha mfukoni ni vigumu kumzuia. Biubwa akapewa simu mpya ya kuwekea alama za mahudhurio, akaambiwa habari za watu asimletee tena tajiri.

"Na chai?" Biubwa aliuliza.

"Chai lete, Bi Biubwa. Habari wataulizwa wenyewe kutoka Dar. Wale ni wataalamu, kila kitu watakijua."

Biubwa alitii shingo upande.

Mwezi wa tatu wa mkataba huo, Shamte, mume wa Mwanahalima, aliamka na maumivu ya kifua, na kabla ya adhuhuri akafariki dunia. Mwanahalima alikuwa mpishi mkuu wa hoteli, mkazi wa kijiji cha Kiegeani, mama wa watoto watatu. Maiti ikazikwa, na mjane akaingia eda ya miezi minne na siku kumi: hatoki kwenda kazini, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake. Siku hizo Waleed alikuwa Maskati kwa jamaa zake.

Biubwa alifanya kama ilivyokuwa ada. Sabra, mdogo wake Mwanahalima, akaja kumshikia nafasi jikoni. Kisha Biubwa akafungua ile simu kutafuta mahali pa kuliandika jambo hilo. Aliona ugonjwa, uzazi, likizo ya mwaka na msiba wa siku nne. Eda haikuwemo. Alikuna kichwa, akaigeuza simu huku na huku, mwisho akaweka alama kwamba Mwanahalima yupo. Kwake huo haukuwa uongo. Nafasi ni ya Mwanahalima, nafasi haiko wazi, na chakula kimepikwa. Angeandika nini kingine?

Waleed aliporudi safari, Biubwa alisubiri amwone akienda Kiegeani kuhani msiba. Siku ikapita, wiki ikapita, tajiri kimya. Wafanyakazi wakaanza kunong'ona kwamba Waleed amegeuka mtu mwingine. Hakuna aliyemkabili, kwa kuwa habari za watu alikwisha zikataa mwenyewe, nao waliamini mabingwa wa Dar wamemwarifu. Waleed, maskini, alikuwa akila samaki wa Sabra na kujiuliza kwa nini siku hizi Mwanahalima amepunguza ukwaju.

Huko Dar es Salaam, kijana mmoja aitwaye Muhidini ndiye aliyekabidhiwa furaha ya watu wa hoteli hiyo. Kila mwezi alimtumia kila mfanyakazi maswali kwa simu. Mwanahalima, akiwa ndani ya eda yake, aliyapokea kama watu wengine. Swali la kwanza lilisema: "Hali yako ikoje?" Akajibu: "Alhamdulillahi, njema." Likafuata: "Je, kuna jambo linalokusumbua?" Akajibu: "Hakuna neno, tunamshukuru Mungu." Mwisho akaulizwa kama angependa wengine wajiunge na kazi hapo hotelini. "Naam, karibuni sana," aliandika, maana mgeni hafukuzwi. Machozi yalikuwa yakimtiririka alipokuwa akiyaandika hayo, lakini adabu ni adabu. Mtu hajaketi, hajapewa hata maji, ameuliza hali tu. Utamtwika msiba wako?

Muhidini aliyasoma majibu hayo akafurahi mno. Huyu mpishi hakukosa kazi hata siku moja, hana lalamiko, na anamshukuru Mungu katika kila swali! Kwa mwezi wa pili mfululizo hakuna aliyemkaribia. Kampuni ikamteua kuwa Mfanyakazi Mwenye Furaha Kuliko Wote, na kwa kuwa desturi yao ilikuwa kumshtukiza mshindi nyumbani kwake, Muhidini alipanda ndege ndogo akaja Mafia. Alimwomba Waleed asimwambie mtu yeyote hotelini.

Baada ya sala ya alasiri gari la Waleed liliingia Kiegeani. Waleed alivaa kanzu nyeupe pe na kofia ya kudarizi. Muhidini alivaa suti, mkono mmoja shada la maua, mkono wa pili keki kubwa iliyoandikwa HONGERA. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi hewani. Wanaume wawili, wamepambika, na keki, wanaelekea kwa mjane? Habari ilikimbia kuliko gari, na walipofika mlangoni, Hemedi, kaka yake Mwanahalima, alikuwa amekwisha simama kizingitini, macho yamemwiva.

"Asalamu alaikum," alisema Waleed kwa bashasha. "Tumekuja kwa Mwanahalima. Tuna jambo la heri."

"Waalaikumu salamu," Hemedi alijibu kwa shida. "La heri? Bwana Waleed, wewe ni mtu mzima, umesoma dini. Unakuja kumposa dada yangu naye yumo edani?"

"Eda?" Waleed alimaka. "Eda ya nani?"

"Ya mumewe! Au alikuwa na waume wangapi?"

Waleed alimtazama Muhidini. Muhidini aliitazama keki. Kisha akaiweka chini, akatoa simu yake na kuonyesha kioo. "Kaka, samahani, pengine tumekosea nyumba. Mwanahalima tunayemtaka sisi jana alikuwa kazini. Juzi pia. Tazama, siku sitini na mbili mfululizo."

"Dada yangu hajavuka kizingiti hiki tangu mumewe azikwe!"

Wakati huohuo Sabra na Biubwa walikuwa wakiingia uani kutoka kazini. Sabra alikuwa bado amevaa aproni ya jikoni, nayo ilikuwa na jina la Mwanahalima kifuani. Muhidini aliliona jina akapumua kama aliyeokolewa kwenye maji. "Huyu hapa! Hongera sana, dada!" Akamkabidhi maua.

"Ya nini haya?" Sabra aliuliza, akayapokea kwa sababu hakujua la kufanya. "Mimi Sabra. Mwanahalima yumo ndani."

Sasa hakuna aliyekuwa akimwelewa mwenzake. Hemedi alitaka kujua ni yupi anayeposwa. Waleed alitaka kujua amekuwa akila chakula cha nani. Biubwa alieleza kisa chote kuanzia kifo cha Shamte, na kila alipofika mahali Muhidini alimkatiza kuuliza kwa nini hakuandika. "Niandike wapi, mwanangu?" alimjibu. "Nionyeshe hapo pa eda, na mimi niweke alama yako."

Muhidini alipekua simu, akapekua tena. Hatimaye alisema kwa sauti ndogo: "Bwana Waleed, hili ni zito. Nikisahihisha mahudhurio, mfumo utaona siku sitini na mbili za utoro, na barua ya kumwachisha kazi hutoka yenyewe. Nisiposahihisha, huyu Sabra amefanya kazi kwa jina la mtu mwingine. Huo ni udanganyifu, na barua zitatoka mbili."

"Yaani umemletea tuzo na kumfukuza kwa safari moja?" Waleed aliuliza.

Ndani, nyuma ya pazia, Mwanahalima alikuwa amesikia kila neno. Tangu Shamte afariki, kazi ile ndiyo iliyobaki kati ya wanawe watatu na njaa. Alikuwa ameishikilia kwa roho yake yote, na sasa aliwasikia wanaume wakiijadili uani kama kwamba na yeye amekufa.

Waleed alivua viatu akasogea karibu na pazia. "Bi Mwanahalima, hujambo? Hali yako?"

"Sijambo, Bwana Waleed," sauti ilijibu. "Alhamdulillahi, njema."

Muhidini aliinua kichwa. Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyasoma ofisini.

"Muulize tena," Biubwa alimwambia Waleed. "Hilo la kwanza ni la salamu. Mtu ukimuuliza mara ya pili ndipo anajua unataka kusikia."

Waleed alilisogelea pazia zaidi. "Mwanahalima, nakuuliza tena. Hali yako ikoje?"

Mwanahalima akasema, na sauti yake ilivunjika njiani: "Mbaya. Hali yangu mbaya. Nimefiwa. Usingizi sina. Kila simu ikilia moyo unaruka, nasema leo ndiyo wananitoa kazini, nitawalisha nini hawa? Miaka tisa nimekupikia. Mama yako alipougua nilimpelekea uji kwa mkono wangu. Mume wangu amekufa, watu wa visiwani wamekuja kunipa pole, wewe hukuja. Nikasema labda kuna kosa nimelifanya. Nimetafuta kosa hilo mpaka nimechoka."

Waleed aliona haya kiasi cha kushindwa kuinua uso.

Muhidini ndiye aliyesogea. "Bi Mwanahalima, nisamehe," alisema. "Mama yangu mzazi alikaa eda mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mahitaji mlangoni. Eda naijua vizuri. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wewe umo ndani yake."

"Ungejuaje, mwanangu?" Mwanahalima alijibu. "Wewe uko Dar."

Waleed aligeuka. "Muhidini, karatasi za mikataba endeleeni nazo, mnaziweza. Watu wangu nirudishieni. Mwanahalima atamaliza eda yake na nafasi ni yake. Sabra aandikwe kwa jina lake mwenyewe kuanzia leo. Bi Biubwa, habari za watu ziletwe kwangu, hata kama sitaki kuzisikia."

"Na mfumo?" Muhidini aliuliza.

"Mfumo uandikie barua ya kuniachisha mimi."

Kisha Waleed akaketi mkekani walipokuwa wakiketi waliokuja kuhani kabla yake, akainua mikono kusoma Fatiha aliyochelewa kuisoma kwa miezi miwili. Muhidini akaketi kando yake, na Hemedi, ambaye hasira zilikuwa zimempungua, akawafuata. Watoto watatu wa marehemu, wasioelewa lolote, walikuwa wameizunguka keki ya HONGERA wakiuliza nani ameoa. Hakuna aliyewajibu, wala hakuna aliyewakataza kula. Upande wa pili wa pazia Mwanahalima alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba umfike, na wote waliokuwa mkekani siku hiyo walielewa kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.