Aliyeitwa na Netsai

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alisinzia.

Walikuwepo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bolumbu, kutoka Kongo, alikuwa na miguu: ukimtuma mbali harudi mikono mitupu. Talatu, Mhausa muuza shanga, alikuwa na viganja: akikukanda mgongo unalala hapo hapo. Na Dahabo, Msomali, mtu mzima kuliko wote, yeye alikuwa na makalio. Msicheke. Akishakaa mahali, hakuna wa kumwinua.

Wa nne alikuwa Netsai. Yeye hakuwa na kitu ila tumbo la miezi tisa na lugha ambayo pale hakuna aliyeijua.

Wote walikwama mji mmoja wa mpakani, kwenye gesti ya Bwana Sikazwe, mafuriko yalipobomoa daraja. Netsai alikuwa anatoka kumzika mumewe huko mgodini. Alikuta uani watu wamejaa, wanapika, wanafua, wanataniana. Akatabasamu kwa kila mtu. Nao wakatabasamu, kisha wakaendelea na maongezi yao. Ukikaa katikati ya maongezi usiyoyaelewa, unakuwa kama kiti. Netsai alikaa hivyo siku baada ya siku, mpaka akaanza kujisemesha mwenyewe kwa sauti ya chini, asije akaisahau sauti yake.

Mchana mmoja uchungu ukamshika chumbani. Mkunga wa mji alikuwa ng'ambo ya mto. Netsai akashika ukingo wa kitanda, akasema neno moja. Neno fupi, herufi tatu tu: mai. Akalirudia tena na tena, na mlango ulikuwa wazi.

Bolumbu akalisikia. Kwa Kilingala, mai ni maji. Akasema, "Maskini, ana kiu." Kisima cha gesti kilikuwa kimejaa tope, basi akabeba ndoo akapanda hadi chemchemi ya mlimani, njia yote utelezi. Aliporudi, alimkuta Netsai anawaka homa, midomo imepasuka. Akamnywesha, akampangusa mwili mzima, homa ikashuka.

Talatu naye akalisikia. Kwa Kihausa, mai ni mafuta. Akasema, "Huyu anajua anachotaka." Akafungua kopo la mafuta aliyotoka nayo kwao, ambayo safari nzima hakumpa mtu hata ya kupaka kisigino. Kupapasa tumbo, akakuta mtoto amelala kikingamo. Akamkanda taratibu, taratibu, kopo likaisha, mpaka kichwa kikashuka chini kinapotakiwa.

Dahabo pia alilisikia, na moyo ukamshtuka. Alipokuwa msichana alipika kwenye nyumba ya Waitaliano kule Mogadishu. Kwa Kitaliano, mai ni kamwe. Kila alipoomba ruhusa akamwone mama yake mgonjwa, bibi wa ile nyumba alimjibu hilo hilo.

Basi akatokea Bwana Sikazwe. "Huyu atolewe akazalie uani, turubai lipo. Hapa ni gesti, si wodi. Nani atalalia tena kitanda hiki?"

Netsai hakuelewa hata neno. Akasema, "Mai."

"Umejibiwa," Dahabo akasema. "Amesema kamwe."

"Kwa lugha gani hiyo?"

"Niliyojibiwa mimi miaka na miaka. Ninaijua."

Akaketi mlangoni. Sikazwe akamtazama upande huu, akamtazama upande ule. "Mama, sogea basi kidogo."

"Niinue."

Akaenda zake. Haikuchukua muda mvua ya mawe ikashuka, lile turubai la uani likachanika vipande vipande. Na chini ya bati, mtoto akazaliwa. Wa kike, mzima, analia.

Hilo neno halikusafiri kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kila nchi ilijizalia lake, yakafanana kama watu wanavyofanana bila kuwa ndugu. Kwao Netsai, kwa Kishona, mai ni mama. Alikuwa anamwita mama yake, aliyekufa zamani. Alijua amekufa. Aliita tu.

Sasa, wenyeji wa mji ule wana desturi. Kitovu kikidondoka, mtoto hutolewa nje na kupewa jina la mwanamke aliyemwokoa. Jina moja, halichanganywi. Na mwenye jina huwachukua mama na mtoto wakaishi kwake kama damu yake. Sikazwe akasema, "Amezaliwa kwangu, atafuata ya kwangu." Netsai alishukuru, maana wakwe zake walishamwambia asirudi kwao.

Siku ya kumtoa mtoto ilipofika, daraja lilikuwa limepona, mabasi yanapakia.

"Bila maji angekauka," Bolumbu akasema. "Na mimi sikujaliwa mtoto. Nikifa, jina langu nalo limezikwa."

"Maji ndiyo yaliyomgeuza mtoto?" Talatu akamuuliza. "Mimi nyumba yangu imejaa madume yanayopigana ngumi. Nataka msichana mmoja arithi viganja hivi."

"Kumbe unatafuta msaidizi wa kazi, dada."

"Na wewe unatafuta jiwe la kaburi."

Dahabo akawakatiza. "Mnadhani mlango ulijilinda wenyewe? Huko niendako wananiita bibi, wananiita mama mkubwa. Walioniita Dahabo wamekwisha wote."

Netsai alikuwa ameokota Kiswahili kidogo. Akajikaza. "Mai," akasema, "kwetu ni mama. Mama yangu. Amekufa."

Bolumbu akaanza kucheka, akaacha.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuelewa," akasema.

"Hakuna," Netsai akasema. "Lakini mlikuja."

Talatu akatikisa kichwa. "Basi jina ni la marehemu. Ndiye aliyeitwa."

"Aliitwa, hakuja," Dahabo akasema. "Tulikuja sisi."

"Na asingeitwa yeye," Talatu akauliza, "sisi tungekuja?"

Lakini Netsai alijua jambo ambalo wao hawakulisema: marehemu hana nyumba. Akimpa mtoto jina la mama yake, atabaki pale uani na Sikazwe na kitanda chake. Akichagua mmoja wa hawa, wawili hatawaona tena maisha yake yote, na wao ndio watu pekee waliowahi kuinuka alipoita.

Watatu wakasimama kila mmoja na mzigo wake kichwani, mkono mmoja umenyooshwa kwake.

Haya. Wote mmewasikia. Mtoto yuko mgongoni, hana jina, na basi la kwanza limeshawasha injini. Ungekuwa wewe ndiye Netsai, ungemwita nani?