Pembe za Lynette na Futi ya Mudrick

Anayewamba ngoma huivuta ngozi upande wake. Hajapatikana bado anayemvutia jirani. Wahenga waliolisema hilo hawakuijua theluji ya Minnesota wala kulungu dume wa mkia mweupe, lakini Mudrick walimjua vizuri sana.

Gereji ya Joan kule Oakdale ndiyo iliyokuwa baraza la Waafrika Mashariki wapendao kuwinda. Jumamosi hapakukosekana supu, chapati, na umbea wa moto kuliko hiyo supu. Ukutani palikuwa na msumari mmoja mnene. Mwenye pembe zenye alama nyingi kuliko wote, yaani jumla ya inchi zake zikipimwa, alizitundika hapo, na msimu ulipofika yeye ndiye aliyechagua kwanza mahali pa kuvizia. Kwa miaka mitatu msumari ulikuwa wa Mudrick, mfamasia mzaliwa wa Mbeya, na kwa miaka mitatu alikaa kwenye mwaloni uleule, pale kulungu wanapopita kama walioitwa. Alama zake mia moja arobaini na mbili alizitaja hata katika sala ya chakula.

Novemba hiyo Lynette, muuguzi wa Maplewood aliyekuwa ameanza kuwinda msimu huohuo, aliingia na picha ya windo lake kwenye simu. Lilikuwa dume la ncha kumi, pembe zimejikunja kama mikono ya mtu anayekumbatia pipa. Gereji ililipuka kwa vigelegele. Paja la kuku lililokuwa mdomoni mwa Mudrick likageuka ukuni.

"Hebu nione," alisema, akaikazia simu macho. "Dada, masikio ya kulungu yakisimama, ncha kwa ncha ni kama inchi kumi na sita. Pembe zako zimeyapita kidole tu. Mia na kumi na tano, na hapo nimekuhurumia."

"Kaka Mudrick, umepima picha ama umepima roho yako?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile kilimkaa Mudrick kama mwiba wa samaki kooni.

"Huyu wa juzi!" alimnong'oneza mkewe, Tumpe. "Hata viatu vya theluji nimemfundisha mimi kuvaa!"

Wivu ni kama kikohozi, haufichiki. Papo hapo Mudrick akatangaza kwamba pembe mbichi hudanganya: sharti zikauke siku sitini, kisha zipimwe na mtu mwenye cheti, na kila tofauti kati ya pembe ya kulia na ya kushoto ikatwe kwenye alama. "Kanuni ni kanuni," alisisitiza. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alimwuliza Lynette, "Hazijasinyaa?" kama mtu anayejulia hali mgonjwa anayemwombea mauti.

Januari, Mudrick mwenyewe alimleta Stacy, mpimaji Mmarekani mwenye futi nyembamba ya chuma. Stacy alipima urefu, unene na nafasi ya katikati, tawi kwa tawi, akakata tofauti zote bila huruma. Watu walisahau hata supu.

"Mia moja thelathini na tatu," akasema.

Mudrick akashusha pumzi. "Msumari umebaki kwa mwenyewe!"

Stacy akainua macho ukutani. "Na zile, nani alizipima?"

Tumpe, aliyekuwa akimimina chai, hakuweza kujizuia. "Aliyeua ndiye aliyepima, tena siku ileile, damu haijakauka. Mume wangu huyu hata mizani ya bafuni huipanda akiwa ameshikilia ukuta!"

"Zishushe, shemeji," Joan akasema taratibu. "Si ulisema kanuni ni kanuni?"

Mudrick akazishusha kama anayeshusha jeneza. Futi ya chuma ikasema yote. Kila tawi alikuwa ameanza kulipima chini ya pembe kuu badala ya juu yake, akajizawadia inchi nzima mara nane. Kinundu kisichofika inchi alikuwa amekihesabu kuwa tawi. Tofauti za kulia na kushoto hakuwa amekata hata moja.

"Mia moja ishirini na saba."

Mwaloni ukaondoka hivyo, na aliyemwita mpimaji ni yeye mwenyewe. "Futi yangu ilikuwa ya kushonea nguo," alijitetea kwa sauti ya mbu. Watu walikuwa wakimwinua Lynette aufikie msumari.

Joan akamgeukia Lynette. "Basi kuanzia leo mpimaji wetu ni wewe."

"Hapana," Lynette akasema, akachukua futi na kuiweka mkononi mwa Mudrick, ambaye hakuwa ameitarajia. "Mwakani kaka atapima zangu, nami nitapima zake. Nikijipimia mwenyewe, hata mimi nitavuta. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."